Maghorofa ya Dar yanatuambia nini?

Najua nimepotea. Wengine mmeuliza kama nimeacha kuandika, hapana, nilikuwa nahangaika na jambo la kifamilia, na jambo lenyewe ndilo limenizalia mada ya leo. Vuteni viti, ni ndefu kidogo.

Jumapili mbili zilizopita baba mdogo alinipigia simu. Mnaonifahamu mnajua kwamba sisi ni watu wa Kariakoo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna mwembe. Mwaka 2014 wanawe walikubaliana na mwekezaji mmoja kwa mtindo unaojulikana sana pale: sisi tunatoa kiwanja, yeye anatoa pesa, linapanda ghorofa saba, kisha tunagawana. Nyumba ikavunjwa, mwembe ukakatwa. Ujenzi ukafika nguzo za ghorofa ya nne, na mwaka 2017 mwekezaji akaanza kutopokea simu. Mpaka leo nondo zimechomoza juu zinaota kutu. Bibi alifariki mwaka 2019 akiwa mpangaji wa vyumba viwili Buguruni. Mama aliyekuwa na nyumba mjini tangu ujana wake alifia kwenye nyumba ya kupanga.

Sasa amekuja mwekezaji mwingine. Anataka kumalizia, tena aongeze ghorofa mbili juu, na chini achimbe sakafu ya chini ya ardhi kwa ajili ya stoo na fremu. Baba mdogo anataka tusaini. "Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Tazama mji huu, kila kona wanajenga. Watu hawamwagi zege kama uchumi hauko vizuri. Tukichelewa tutaachwa."

Nilimwambia anipe wiki mbili. Sikuwa na jibu, lakini nilijua swali lake ni la zamani na wachumi wamelihangaikia sana: je, ujenzi wa majengo ya biashara unaweza kutuambia uchumi unakwenda wapi?

Nikaanza na vitabu. Wenzetu wa Marekani, ofisi yao ya sensa hutoa kila mwezi hesabu ya fedha zilizotumika kwenye ujenzi nchi nzima. Ujenzi wa serikali huwekwa upande mmoja na wa binafsi upande mwingine. Wa binafsi nao hugawanywa tena: nyumba za kuishi mbali, maduka, ofisi, viwanda, hoteli na maghala mbali. Fungu hilo la mwisho ndilo tunalolizungumzia hapa.

Kwa nini litengwe? Fikiria. Mtu anaweza kujenga nyumba ya kuishi kwa sababu ameoa, amechoka na mwenye nyumba, au anataka heshima kijijini. Serikali inaweza kujenga kwa sababu bajeti imepita au uchaguzi umekaribia. Lakini mfanyabiashara anayejenga ghorofa kumi za maduka na ofisi anasema jambo moja tu: naamini kwamba miaka kumi, ishirini ijayo watakuwepo watu wenye pesa za kunilipa kodi. Na akikosea hana pa kukimbilia. Mwenye mchele akiona hali mbaya anauza mchele wake kwa hasara, yanaisha. Mwenye ghorofa hawezi kulipakia kwenye kontena akaondoka nalo. Kwa hiyo watu wakimwaga zege la biashara kwa wingi, ni dalili kwamba wana imani. Mpaka hapo baba mdogo yuko sahihi.

Tatizo ni kwamba dalili hii huchelewa. Mfano maarufu ni Empire State Building la New York. Soko la hisa la Marekani lilianguka Oktoba 1929. Jengo lenyewe lilianza kujengwa Machi 1930 na likafunguliwa Mei 1, 1931, ghorofa 102, wakati nchi imeshazama kwenye mdororo mkubwa kuliko yote. Aliyekuwa akipita pale mwaka 1930 akitazama vyuma vinapanda angeweza kusema kama baba mdogo: uchumi uko vizuri, si unaona wanajenga? Kumbe alichokuwa anakiona ni matumaini ya miaka ya nyuma. Jengo lilipokamilika wapangaji walikosekana kiasi kwamba watu wa mji walilifanyia utani wa jina, wakaliita jengo tupu.

Likajirudia karibuni. Kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008, ujenzi wa nyumba za kuishi Marekani ulianza kushuka mwaka 2006. Ujenzi wa majengo ya biashara ulikuwa bado unapanda mpaka 2008 yenyewe. Dubai nako, ambako wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanakujua vizuri, Novemba 2009 kampuni kubwa ya serikali iliomba kuahirisha kulipa madeni yake, na Januari 2010 likafunguliwa Burj Khalifa, jengo refu kuliko yote duniani.

Sababu haina uchawi. Kutafuta kiwanja, kuchora ramani, kupata kibali, kutafuta mkopo, kupata mkandarasi, yote hayo ni miaka. Na ukishafika nusu, kusimama kunaweza kuwa hasara kubwa kuliko kuendelea. Kwa hiyo kreni unayoiona leo inakueleza mtu fulani aliamini nini miaka mitatu au minne iliyopita. Leo yake huijui.

Haya, hayo ni ya wenzetu. Na sisi je? Jumamosi nikavaa raba nikaingia mjini kwa miguu, kuanzia Mnazi Mmoja kwenda Kisutu, nikapita Mtaa wa Jamhuri, Indira Gandhi na Zanaki. Kama hujawahi, siku moja jaribu kutembea pale ukitazama juu badala ya kutazama simu. Kwenye mapaji ya majengo ya zamani ya ghorofa mbili tatu utaona jina la familia na mwaka wa kujengwa, vimefinyangwa kwa saruji. Ni hesabu ya uchumi iliyoandikwa ukutani, na haihitaji ofisi ya takwimu.

Mji wenyewe ulianza na jengo lililoachwa njiani. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860, akiwa na ndoto ya bandari kubwa ya bara. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuendelea, na majengo mengi yakaachwa yaharibike. Ina maana kwamba magofu ya mwekezaji aliyeondoka tulikuwa nayo hata kabla ya mkoloni! Wajerumani wakaufanya makao makuu mwaka 1891, wakaanza reli kutoka hapa mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na maduka ya wafanyabiashara yakafuata.

Ndipo inakuja miaka iliyoandikwa kwenye mapaji. Miaka ya 1930 ipo, ya wafanyabiashara wenye asili ya India waliosimama tena baada ya mdororo ule ule uliolifanya Empire State liwe tupu. Wakati wa vita vya pili vya dunia vifaa vilikuwa shida. Kisha inakuja miaka ya 1950, tele. Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na vita vya Korea vilivyoanza 1950 vikapandisha bei ya mkonge juu sana. Fedha ya katani ilipita kwa wenye mashamba, ikapita kwa wenye maduka, mwishowe ikawa saruji Uhindini. Ikitoka kwenye kahawa ilikuwa hivyo hivyo: kule Moshi chama cha ushirika cha Wachagga, KNCU, kilijenga jengo lake kubwa kipindi hicho hicho, tena kwa ramani ya Ernst May, msanifu Mjerumani mwenye jina kubwa duniani.

Lakini nikiwa pale nikakumbuka jambo. Kwa nini miaka hii imeandikwa Kisutu, na si Kariakoo kwa bibi? Kwa sababu mji uligawanywa kwa kanda tangu enzi za Mjerumani, na Mwingereza akaendeleza: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenganisha. Uswahilini zilikuwa nyumba za udongo na makuti, baadaye mabati. Mwafrika hakuwa na mkopo wala hati ya kumpelekea mwenye benki. Kwa hiyo yale mapaji yanapima uchumi wa waliokuwa na nafasi ya kujenga. Mtwana wa bandarini na muuza mihogo hawamo. Hilo nalo ni la kukumbuka kila tunaposoma kiashiria chochote: kimeandikwa na nani, na nani hakupewa kalamu.

Sasa endelea kutembea ukitafuta mapaji yenye miaka ya 1970. Utatafuta sana.

Hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote. Februari 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na siku chache baadaye benki zikawa mali ya umma. Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo: jengo lolote lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halikalii lote likawa la serikali. Lililozidi umri wa miaka 10 halikulipwa fidia. Akaundwa Msajili wa Majumba kuyasimamia na kukusanya kodi.

Najua hili bado linauma na bado linabishaniwa. Serikali ilikuwa na hoja: wapangaji wengi walikuwa wanalipa kodi kubwa kwa wenye nyumba wachache, na mgawanyo wa mali mjini ulikuwa umefuata rangi. Upande wa pili zipo familia zilizoamka asubuhi zikiwa wapangaji kwenye nyumba walizojenga babu zao, nyingi zikaondoka nchini. Sina nia ya kuhukumu kesi hiyo leo. Ninachosema ni matokeo yake kwenye ujenzi. Ukimwambia mtu kwamba jengo likizidi laki moja si lake tena, hatajenga la laki moja na nusu. Atajenga dogo, au atapeleka fedha nje, au atanunua dhahabu afiche. Nyumba ya bibi ilipona kwa sababu haikufika laki. Alikuwa akitusimulia huku anacheka: "Umaskini wangu ndio uliokuwa bima yangu."

Tena angalia, ujenzi haukukoma kabisa. Mashirika ya umma yalijenga. Shirika la Bima la Taifa lina jengo lake Samora ambalo jina lake lenyewe ni Kitega Uchumi. Kwa hiyo ungehesabu kreni tu bila kuuliza ya nani, ungesema mambo yanaendelea. Ungetenganisha fungu la binafsi na la umma kama wale wa ofisi ya sensa, ungeona pengo. Na pengo lile lilikuwa onyo. Baadaye bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni vilituangusha, lakini imani ya mtu kuweka fedha yake ardhini ilikuwa imeondoka kabla. Waliokuwa watu wazima miaka ya 80 watawaeleza saruji ilivyotafutwa kama dawa.

Imani ikarudi polepole. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Mwaka 1985 akaja Mzee Ruksa, na mwaka 1986 makubaliano na IMF. Lakini kwenye mada yetu naupa uzito zaidi mwaka 1991, Azimio la Zanzibar. Chini ya Azimio la Arusha kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Zanzibar katazo hilo likalegezwa. Sheria za uchumi zilikuwa zimeshabadilika, lakini mwenye pesa huangalia zaidi yule aliyezitunga anafanya nini. Kiongozi mwenyewe alipoanza kupangisha, wengine wakaelewa kwamba sasa hakuna wa kunyang'anya. Ndipo Kariakoo ikaanza kupanda. Nyumba za vyumba sita zikavunjwa moja baada ya nyingine, na kwa kuwa riba za benki hazikamatiki, ukaenea ule mtindo wa kiwanja changu, pesa yako.

Miaka ya 2000 na 2010 ikaja minara ya vioo. Hapo nawaomba muwe makini tena. Mingi iliyovutia macho ilikuwa ya mifuko ya pensheni: PPF, NSSF, na ile pacha ya PSPF yenye zaidi ya ghorofa 30. Ilikuwa makato ya mishahara ya wafanyakazi. Anayejenga kwa makato yanayoingia kila mwezi hasikii baridi kama anayejenga kwa mtaji wake. Kisha Julai 2016 ikatangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma moja kwa moja. Wizara zikaondoka, na mabango ya "ofisi inapangishwa" yakaning'inia mjini. Mwaka 2018 mifuko kadhaa ya pensheni ikaunganishwa. Minara ilikuwa inasema uchumi unapaa, na wakati huo huo mpangaji mkubwa kuliko wote alikuwa anafungasha.

La mwisho ni gumu kuliandika. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaporomoka jingine, safari hii kwetu Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafa, na lililozungumzwa sana ni kazi za kuchimba chini kupata nafasi zaidi ya biashara. Ujenzi wa kasi una dalili zake mbili. Ya kwanza ni imani. Ya pili ni pupa, na kwa macho ya mpita njia zinafanana kabisa.

Basi, jana tulikaa kikao cha familia. Nilimweleza baba mdogo kwamba swali la "wanajenga au hawajengi" halitoshi. Yapo matatu: pesa ni ya nani, uamuzi ulifanywa lini, na mpangaji ni nani. Tukamwita mwekezaji tukamuuliza. Kijana mstaarabu, akajibu bila kuficha: sehemu ya pesa ni faida ya duka lake, na sehemu kubwa ni kilemba atakachokusanya kwa wafanyabiashara wanaotaka fremu. Yaani watu watalipia leo fremu ambazo hazipo, na pesa hizo ndizo zitakazonunua saruji.

Baba mdogo akanyamaza. Shangazi ndiye aliyesema, "Si ndivyo alivyofanya yule wa kwanza?" Ndivyo. Yule wa kwanza alikusanya vilemba mwaka 2015, biashara ilipokuwa moto. Ilipopoa, waliolipa wakataka pesa zao, naye akazima simu. Hakuwa tapeli, nadhani. Alisoma kreni za jirani zake akadhani anasoma kesho.

Tumempa mwekezaji masharti: mhandisi wa kujitegemea apime kwanza nguzo zilizonyeshewa miaka yote hii, hakuna kuchimba chini, na fedha ya kufikisha jengo mpaka paa ionekane benki kabla fundi hajapanda. Amesema anakwenda kufikiri. Baba mdogo ana hasira na mimi kidogo, maana kiwanja cha jirani kreni imeshasimama na yeye anaiona kila siku akienda kuswali. Inawezekana yeye ndiye yuko sahihi, tukaja kujuta. Lakini tumekubaliana jambo moja wote: likija kukamilika, juu ya mlango tutafinyanga jina la bibi kwa saruji kama wale wa Kisutu, na mwaka tutauandika siku ya kukabidhiana funguo. Si kabla.

Nanyi mlioko Mwanza, Arusha, Mombasa, tazameni mapaji ya majengo ya mjini kwenu, kisha mniambie miaka gani ipo na miaka gani imerukwa. Mkipata pengo, waulizeni wazee lilitokana na nini.